Mtoto Amepata pa Kulala. Je, Amepata Kwao?

Kama uko jikoni, endelea na sufuria yako huku ukisikiliza. Kama uko kwenye foleni ya feri pale Likoni, au umeketi barazani Kisauni, au umerudi sasa hivi kutoka sokoni Changamwe na miguu inauma, kaa kidogo upumzike. Maneno ya leo yanakuhusu wewe mama, wewe nyanya, wewe shangazi, na hata wewe baba uliye karibu na redio.

Leo tunazungumza juu ya watoto ambao hatukuwazaa lakini tunawalea. Ukizunguka mitaa yetu, Mtongwe, Mishomoroni, Chaani, Magongo, huendi mbali kabla hujakuta nyumba yenye mtoto kama huyo. Pengine ni mtoto wa marehemu dada. Pengine mama yake alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani na hajarudi. Pengine aliokotwa akilia, akapelekwa kituo cha watoto, kisha afisa wa watoto akamtafutia familia. Watoto hawa wote wamepata pa kulala. Swali la leo ni moja: je, wamepata kwao?

Utasema, mama, swali hilo ni la wakubwa wa serikali. Ni kweli, serikali zina wajibu wa kulijibu. Lakini jibu lenyewe linapatikana nyumbani kwako, na mtu wa kwanza kulijua ni wewe unayemfunika mtoto shuka usiku. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto si mali, lakini naye bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza tuelewane maneno. Tunaposema nyumba ya kudumu, hatuzungumzii mawe na simiti. Nyumba ya makuti yaweza kuwa ya kudumu, na ya ghorofa isiwe. Mtoto ana nyumba ya kudumu akiwa na mambo manne. Awe na mtu mzima aliyekubali kuwa wake mpaka akue, katika shida na raha. Ajue leo kwamba kesho atalala pale pale. Atambuliwe na ukoo, na jirani, na sheria. Na la nne, awe na pa kurudi hata akiwa mtu mzima, siku ya harusi, siku ya kujifungua, siku ya msiba. Kituo cha watoto, hata kiwe kizuri namna gani, humtoa mtoto mlangoni akishakuwa mkubwa. Lakini mtu mwenye kwao hatolewi mlangoni.

Sasa, jambo hili lina uhusiano gani na afya? Lina uhusiano mkubwa sana. Katika mji wa Bucharest, nchi ya Romania, mwaka 2000 wataalamu walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo. Walikuwa na umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao, watoto 68, walichaguliwa kwa kura na kupelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu ya pili wakaendelea na malezi ya kawaida ya wakati ule. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kwa kimo na uzito. Akili zao zilichangamka zaidi, na walijifunza kumpenda na kumtegemea mlezi wao. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Na miaka ilivyopita, jambo jingine lilionekana: watoto waliobaki na familia ile ile ya kwanza waliendelea vizuri kuliko wale waliohamishwa hamishwa.

Zingatia hapo, mama. Kupelekwa kwenye familia kulisaidia, na kubaki pale kulisaidia zaidi. Mtoto anayehama kila mara hukaa na hofu. Hofu ya muda mrefu huondoa usingizi, huondoa hamu ya chakula, hurudisha kukojoa kitandani, huharibu masomo. Mwingine huwa mkali, anapiga wenzake. Mwingine hunyamaza kabisa, na sisi tunasema, “Mtoto huyu mtiifu, hana taabu.” Kumbe taabu ameifungia ndani.

Sasa tuangalie njia ambazo mtoto asiye na wazazi wa kumlea hupata nyumba hapa kwetu Kenya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, inatambua njia kadhaa. Nitazieleza kwa ufupi.

Ya kwanza ni kurudishwa kwa wazazi wake mwenyewe, kama wako hai na kuna usalama. Umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na mamake.

Ya pili ni malezi ya jamaa: nyanya, shangazi, mjomba, mama mdogo. Hii ndiyo njia yetu ya tangu zamani, na ndiyo inayobeba watoto wengi kuliko zote.

Ya tatu ni ulezi wa kisheria, yaani mtu anawekwa kwa wasia au na mahakama kuwa mlezi wa mtoto huyo.

Ya nne ni kafala. Ndugu zetu Waislamu wanaifahamu. Familia inamchukua mtoto, inamlea kwa mapenzi, inamsomesha na kumtunza, lakini yeye anabaki na nasaba yake na jina la babake mzazi. Sheria ya 2022 imeiandika kafala wazi, na kwa watu wa pwani hilo ni jambo kubwa.

Ya tano ni malezi ya kambo. Hapa simaanishi mama wa kambo aliyeolewa na baba. Ni familia iliyokaguliwa na kukubaliwa, inayokabidhiwa mtoto kwa muda huku hali yake ikiendelea kutafutiwa suluhisho la kudumu.

Ya sita ni kuasili mtoto. Mahakama inaamua, na mtoto anakuwa wako kabisa mbele ya sheria, kama uliyemzaa.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba malezi ya kambo ni daraja. Daraja ni la kuvukia. Mtu hajengi nyumba juu ya daraja la Nyali akakaa pale. Kwa hiyo, mpango wa malezi ya kambo hupimwa kwa jambo moja kubwa: watoto wangapi walivuka, wakafika ng'ambo, na wakakaa?

Hapa ndipo hesabu zetu nyingi zinapokosea. Kituo kinaulizwa, “Mmefanya kazi gani mwaka huu?” Kinajibu, “Tuna vitanda 40, tumegawa mablanketi, watoto wanakula mara tatu.” Hayo ni mema, lakini yanapima kitanda na sahani. Au kinajibu, “Mwaka huu tumetoa watoto kumi, wote wamekwenda kwenye familia.” Watu wanapiga makofi. Ngoja kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua watoto kumi waliotoka kituoni mwezi wa Januari. Nenda ukawaulizie mwezi wa Januari unaofuata. Sita wako katika nyumba zile zile, wanasoma, wana afya. Wawili wamehamishwa: mmoja kutoka kwa nyanya kwenda kwa mjomba, mwingine ameshapita nyumba tatu. Mmoja amerudi kituoni. Na mmoja, hakuna anayejua alipo. Ripoti ya kwanza ilisema kumi kwa kumi. Ripoti ya kweli inasema sita kwa kumi. Na yule mmoja asiyejulikana alipo ndiye wa kumtafuta kabla ya wote, kwa sababu huenda yuko hatarini sasa hivi.

Umeona tofauti? Hesabu ya kwanza ilihesabu watoto wakitoka mlangoni. Ya pili ilihesabu watoto waliokaa.

Nchi nyingine zimehangaika na hesabu hii kwa miaka mingi, na tunaweza kujifunza kwa makosa yao bila kuyarudia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1997 ya kuharakisha watoto wapate nyumba za kudumu. Kwa kawaida, mtoto akiwa amekaa kwenye malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, jimbo linatakiwa kuanza kesi ya kukatiza haki za wazazi ili mtoto aweze kuasiliwa, isipokuwa kwa sababu maalum, kama vile mtoto kuwa anaishi na jamaa. Kisha, kuanzia mwaka 2001, serikali ya huko ikaanza kukagua majimbo yote, moja baada ya jingine. Katika mzunguko ule wa kwanza wa ukaguzi, hakuna hata jimbo moja lililofaulu mambo yote. Hebu fikiria, nchi tajiri kama ile!

Wanapima nini? Nitakutajia maswali yao kwa lugha ya nyumbani.

Swali la kwanza: kati ya watoto walioingia kwenye malezi mwaka fulani, wangapi walipata nyumba ya kudumu kabla ya miezi 12?

Swali la pili: na wale waliokwisha kukaa mwaka mmoja au miwili na zaidi, je, nao wanatafutiwa, au wamesahauliwa?

Swali la tatu: kati ya waliopata nyumba, wangapi walirudi tena kwenye malezi baada ya muda mfupi?

Swali la nne: mtoto akiwa ndani ya malezi, anahamishwa mara ngapi? Wenzetu wanahesabu kwa kila siku 1,000.

Angalia jinsi maswali hayo yanavyolindana. Ukipima haraka peke yake, maafisa watawaharakisha watoto kwenda nyumba zisizo tayari, na baada ya miezi michache watarudi wamevunjika moyo. Ndiyo maana swali la tatu liko pale. Ukiwahesabu walioingia juzi peke yao, mtoto wa miaka 11 aliyekaa miaka mitano atawekwa kando, kwa sababu watu wanapenda vichanga. Ndiyo maana swali la pili liko pale. Tena, kule kulitokea watoto waliokatiwa uhusiano na wazazi wao mahakamani, halafu asipatikane mtu wa kuwaasili. Wakabaki hawana huku wala huko. Mwenda kwa haraka hujikwaa, na hapa anayeumia ni mtoto.

Karibu na kwetu, jirani zetu wa Rwanda walifanya uchunguzi wakakuta watoto zaidi ya 3,000 kwenye vituo 33. Mwaka 2012 wakaweka mpango wa kuwahamishia kwenye familia. Familia zinazojitolea kuwalea watoto huko zinaitwa Malayika Murinzi, jina ambalo hata sisi tunalielewa bila mkalimani: malaika mlinzi.

Na sisi Kenya? Serikali ilitoa Mkakati wa Kitaifa wa Mabadiliko ya Malezi ya Watoto, wa miaka kumi, 2022 hadi 2032. Shabaha yake ni watoto walelewe kwenye familia, na vituo vipungue kidogo kidogo. Kazi hii ilionyesha kwamba watoto zaidi ya 40,000 wanaishi kwenye vituo nchini. Majirani zetu wa Kilifi ni miongoni mwa kaunti za mwanzo ambako mabadiliko haya yalijaribiwa. Pia Idara ya Watoto ina mfumo wa kompyuta wa kuweka habari za watoto walio chini ya ulinzi, ili mtoto asipotee kati ya ofisi moja na nyingine.

Lakini kuna jambo ambalo kompyuta haiwezi kuliona. Watoto wengi walio nje ya wazazi wao hawajapita ofisini hata siku moja. Msiba umeisha, matanga yameanuliwa, wazee wamekaa wakasema, “Huyu aende kwa shangazi yake Likoni, yule aende kwa mjomba Mikindani.” Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwa hiyo kama shangazi ataugua, au mume atakataa, au kodi ya nyumba itapanda, mtoto atahama kimya kimya, na hakuna hesabu itakayomkuta. Mtoto huyu hapimwi na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Kwa kweli serikali ilikwisha kuona kwamba jamaa wanahitaji kushikwa mkono. Mwaka 2004 ulianza mpango mdogo wa kuwapa fedha walezi wa mayatima, na hapa pwani ulianzia Kwale, ng'ambo tu ya Likoni. Familia zilianza na shilingi 500 kwa mwezi. Mpango huo ukakua ukaenea nchi nzima, na kiwango kikafika shilingi 2,000. Nia yake ya mwanzo ilikuwa hii tunayozungumza: mtoto abaki kwenye familia, asitolewe kwa sababu ya njaa. Kama unalea yatima na hali ni ngumu, muulize chifu au afisa wa watoto jinsi ya kuandikishwa wakati wa usajili unapofika.

Sasa mama, chukua daftari. Daftari la shilingi chache la mtoto wa shule linatosha. Nitakupa vipimo sita vya nyumbani. Vipime mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ukitimia.

Kipimo cha kwanza ni siku. Andika tarehe mtoto aliyofika. Kila ukifungua daftari, hesabu amekaa siku ngapi bila kuondoka. Akienda likizo kwa jamaa na kurudi, hilo ni sawa. Akiondoka na nguo zake zote, andika kwa nini.

Kipimo cha pili ni kuhama. Andika nyumba alizopita kabla ya kwako. Mtoto aliyepita nyumba nne hawezi kukuamini kwa wiki mbili. Atakujaribu. Ataiba sukari, atadanganya, atasema, “Wewe si mamangu.” Usishtuke. Anauliza kwa njia yake, “Na wewe pia utanifukuza?” Jibu lake ni kubaki naye. Muonye makosa, lakini kamwe usimtishe kwa kumwambia, “Nitakurudisha ulikotoka.” Neno hilo moja hubomoa kazi ya miezi sita.

Kipimo cha tatu ni mtu. Akianguka akaumia, anamkimbilia nani? Akiamka usiku na ndoto mbaya, anamwita nani? Kama baada ya miezi sita mtoto mdogo analia peke yake bila kumwita mtu, au anamkumbatia kila mgeni anayepita, bado hajapata mtu wake. Tenga dakika chache kila siku ziwe zake: msuke nywele, muogeshe, muulize habari za shule, mle pamoja.

Kipimo cha nne ni karatasi. Je, ana cheti cha kuzaliwa? Je, kuna barua kutoka kwa chifu au afisa wa watoto inayosema yuko kwako? Vyeti vya vifo vya wazazi, kama wamefariki, viko wapi? Karatasi humlinda mtoto asinyang'anywe urithi wake, na humlinda mlezi asije akaambiwa ameiba mtoto.

Kipimo cha tano ni afya na shule. Kama ni chini ya miaka mitano, tafuta kitabu chake cha kliniki. Kikipotea, nenda zahanati wakufungulie kingine na waangalie chanjo zilizobaki. Wengi huruka chanjo ya pili ya surua ya miezi 18, kwa sababu huo ndio wakati walipokuwa wakihamahama. Vitamini A ni kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano akipimwa mkono na kipimo kikawa chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Atibiwe siku hiyo hiyo. Uzito usipopanda kwa miezi miwili mfululizo, usingoje wa tatu. Na jambo hili nakuomba ulishike: mtoto anapohama, dawa zake zihame naye. Mtoto wa kifafa, wa selimundu, wa pumu, au anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, akikosa dawa kwa sababu ya kuhama, maisha yake yako hatarini. Uliza kliniki yake iko wapi siku ile ile unapomchukua. Uliza faraghani, si mbele ya majirani.

Kipimo cha sita ni sauti yake. Muulize mwenyewe, akiwa ametulia: “Unajionaje hapa? Kuna kitu kinakuogopesha? Kuna mtu anayekushika vibaya?” Halafu msikilize bila kumkatiza. Mpango wowote usiomuuliza mtoto unapima nusu.

Hapo kwenye sauti, nataka tusemezane ukweli. Tuna methali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wetu tunawalea watoto wa ndugu zetu kwa methali hiyo. Mtoto anaamka saa kumi na moja kuteka maji, anaosha vyombo vya nyumba nzima, watoto wa nyumbani wanapanda matatu kwenda shule na yeye anabaki na mtoto mchanga. Mtoto huyo anaweza kukaa pale miaka kumi, na hesabu ya siku ikaonekana nzuri sana. Lakini hajapata kwao, amepata ajira bila mshahara. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, ila zigawanywe sawa kwa watoto wote. Kipimo chake ni rahisi: angalia nani anakula mwisho, nani analala wapi, na nani hana sare ya shule. Ndiyo maana hatupimi siku peke yake.

Na ukishindwa je? Nalisema hili kwa huruma, kwa sababu najua mizigo mliyo nayo. Kuna nyanya wa miaka 70 anayelea wajukuu watano kwa kuuza mahamri. Kuna dada wa miaka 19 aliyebaki mama wa wadogo zake. Kuomba msaada si kushindwa. Kinachomuumiza mtoto ni kuhamishwa ghafla, usiku, bila kuambiwa. Ukiona mambo yanakuelemea, sema mapema. Anza na familia: itisheni kikao, mgawane mzigo, huyu chakula, yule karo, mwingine amchukue wikendi ili upumzike. Kisha nenda kwa mhudumu wa afya wa mtaani kwako, kwa chifu, au ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kama ni lazima ahame, basi ahame kwa heshima. Mwambie mapema na kwa nini. Ampeleke mtu anayemjua. Abebe kitabu cha kliniki, dawa, cheti, nguo anayoipenda na picha ya wazazi wake kama ipo. Umpigie simu baada ya wiki moja, na baada ya mwezi. Usimkate kama kamba.

Nina maonyo mawili kabla sijamaliza. La kwanza, ukiokota mtoto, au mama akikuachia mtoto hospitalini au sokoni akasema anarudi na asirudi, usimchukue ukamficha nyumbani hata kama una hamu ya mtoto. Piga ripoti polisi au kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Huenda mamake anamtafuta huku akilia. Ukitaka kumlea, iko njia ya sheria, na njia hiyo ndiyo itakayokufanya ulale usingizi. La pili, usimpe mtoto mtu anayekuja na gari na ahadi za shule nzuri mbali, bila ofisi ya watoto kujua. Watoto wengi wamepotea kwa ahadi tamu.

Basi, mpenzi msikilizaji, tukusanye tuliyosema. Kumpatia mtoto pa kulala ni mwanzo mwema. Kazi inapimwa baada ya mwaka: je, yuko pale pale? Ana mtu wake? Ana karatasi? Anakua? Anasikilizwa? Serikali ijiulize, kituo kijiulize, na sisi tujiulize. Kituo kikikwambia kimetoa watoto kumi, muulize msimamizi kwa adabu, “Na leo wako wapi?” Una haki ya kuuliza, maana ni watoto wa jamii yako.

Siku moja utamsikia mtoto huyo akiongea na wenzake nje. Watamuuliza, “Kwenu wapi?” Akijibu bila kufikiri, “Kwetu ni pale, nyumba ile yenye mwarobaini,” jua kipimo kikubwa kuliko vyote kimekubali.

Mfikishie jirani yako maneno haya. Mpaka tukutane tena katika mazungumzo yajayo, nakutakia afya njema wewe na wote walio chini ya paa lako. Kwaheri.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika mtaa wenu, ni nani anayejua watoto wanaolelewa na jamaa wako wangapi? Mnaweza kuwafuatilia namna gani bila kuwaaibisha?

2. Kati ya vipimo sita, ni kipi kigumu zaidi kwenu, na kwa nini?

3. Mtoto aliyepita nyumba nyingi anaonyesha tabia gani? Mlezi afanye nini, na asiseme nini?

4. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu anapatikana wapi, na siku gani? Mchagueni mmoja wenu akaulize, alete jibu mkutano ujao.